Mkono wa Mkunga Hujifunzia Wapi?

Usiku niliposhona jeraha la mzazi kwa mara ya kwanza nilikuwa na umri wa miaka 21, mwanafunzi wa ukunga katika hospitali moja ya pwani ambayo sitaitaja. Mama mwenyewe alikuwa mdogo kuliko mimi. Mtoto wake wa kwanza alikuwa amekwisha kulia, amefutwa na kufunikwa khanga. Sista wa zamu alinikabidhi koleo lililoshika sindano iliyopinda kama mwezi mchanga, akasema neno moja tu: "Shona." Hakuna aliyemwambia yule mama kwamba mkono utakaomshona haujawahi kushona mwili wa mtu. Dawa ya ganzi ilikuwa kidogo, taa ilikuwa hafifu, na vidole vyangu vilitetemeka. Kila fundo nilikaza kwa nguvu zangu zote, kwa kuwa nilidhani kukaza ndiko kushona. Mama hakupiga kelele. Aliuma ncha ya khanga yake, akanitazama.

Mtazamo ule nimeuchukua hadi Uingereza, ambako kwa miaka mingi sasa kazi yangu ni kuwafundisha wengine kazi hiyohiyo. Kila mwaka, kundi jipya la wanafunzi linapoingia darasani na kuketi mbele ya sindano na nyuzi, swali la usiku ule hunirudia. Mkono wa fundi hauzaliwi na ufundi. Lazima uanze mahali fulani, na mwanzo wa kila mkono ni makosa. Seremala huharibu mbao, mshonaji huharibu kitambaa. Mkunga, je, huharibu nini? Vitabu vya historia ya tiba hutueleza kwa fahari ni nani aliyevumbua uzi huu au chombo kile, lakini ni nadra kutueleza mkono wa mvumbuzi ulijifunzia mwilini mwa nani. Makala haya yanajaribu kuifuata historia hiyo ya pili.

Kwanza tuitazame kazi yenyewe, maana wengi huidhani ndogo. Msamba ni ile sehemu ya mwili iliyo kati ya njia ya uzazi na njia ya haja kubwa. Mtoto anapotoka, sehemu hii hutanuka kupita kiasi, na mara nyingi huchanika; pengine mhudumu huikata kwa makusudi, jambo ambalo kwetu huitwa kuongezewa njia. Wakunga hupanga michaniko hii katika daraja 4. Ya kwanza ni ya ngozi tu. Ya pili hufika kwenye misuli ya msamba. Ya tatu hugusa msuli wa mviringo unaofunga njia ya haja kubwa, na ya nne hupenya hadi utando wa ndani wa njia hiyo. Daraja mbili za mwanzo huweza kushonwa na mkunga aliyefunzwa. Mbili za mwisho ni kazi ya bingwa katika chumba cha upasuaji.

Hatari kubwa ni kukosea kuitambua daraja. Asiyejua kutazama hushona ngozi juu ya msuli uliokatika, na mama akarudi nyumbani na mshono mzuri wa kupendeza macho, kisha kwa miaka asiweze kujizuia. Hatamwambia mumewe wala shoga yake. Ataacha kwenda harusini, ataacha kukaa mkekani na wenzake, na watu watasema amekuwa na maringo. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ufa huu hauzibwi na yeyote ajuaye kushika sindano. Huzibwa na anayejua ukuta ulijengwaje.

Maandishi ya kale yanaonyesha kwamba jambo hili lilijulikana zamani. Abu al-Qasim al-Zahrawi, tabibu wa Andalusia aliyeishi karibu na Kurtuba na kufariki yapata mwaka 1013, aliandika kitabu chake cha al-Tasrif katika sehemu 30, na ya mwisho akaitenga kwa ajili ya upasuaji. Humo alichora vyombo kwa umbo lake, akaeleza namna ya kushona majeraha, pamoja na matumizi ya uzi uliotengenezwa kwa utumbo wa mnyama. Humo pia mna sura ya kuwafunza wakunga namna ya kumtoa mtoto aliye hai asiyekuja kwa njia ya kawaida. Neno la kuzingatia ni hilo la kuwafunza. Al-Zahrawi hakumwandikia tabibu peke yake. Alijua kwamba kwenye chumba cha uzazi mkono utakaofanya kazi ni wa mwanamke, na kwamba mkono huo unastahili mafunzo. Kitabu chake kilitafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, na kwa mamia ya miaka kikawa mwalimu wa wapasuaji wa Ulaya.

Katika karne hiyohiyo ya 12, mjini Salerno, Italia, yalikusanywa maandishi juu ya maradhi ya wanawake yaliyokuja kujulikana kwa jina la Trotula, na sehemu yake moja hunasibishwa na tabibu mwanamke aliyeitwa Trota. Maandishi hayo yanataja wazi mwanamke aliyechanika kati ya njia mbili, na kuelekeza ashonwe mahali patatu au panne kwa uzi wa hariri, kisha alazwe siku kadhaa miguu ikiwa juu kuliko kichwa. Hivyo basi, yapata miaka 900 iliyopita mtu alijua pa kushona, uzi wa kutumia na namna ya kumlaza mzazi. Ambalo karatasi haikuweza kulisema ni vipi kidole kinajua kwamba uzi umevutwa vya kutosha na si zaidi. Jambo hilo halisomeki. Hupitishwa kutoka mkono hadi mkono.

Aliyelifahamu hilo kuliko wote wa zama zake alikuwa mkunga wa Kifaransa, Angélique du Coudray. Mwaka 1759 Mfalme Louis XV alimpa hati ya kuzunguka Ufaransa akiwafundisha wanawake wa mashambani, kwa kuwa dola ilikuwa na hofu kwamba watoto wengi wanakufa wakati wa kuzaliwa na idadi ya watu inapungua. Wanafunzi wake wengi hawakujua kusoma wala kuandika. Angewafundishaje mambo ya ndani ya mwili wasiyoyaona? Akashona. Kwa kitambaa, ngozi na vitu vya kujazia alitengeneza kiwiliwili cha chini cha mwanamke, chenye nyonga, mji wa mimba, kondo la nyuma na mwanasesere wa kiasi cha mtoto mchanga. Chombo hicho alikiita mashine. Mwanafunzi aliingiza mkono, akapapasa, akamgeuza mtoto aliyelala vibaya, akakosea, akarudia. Kitambaa kilichochakaa kilibadilishwa, na hakuna aliyekufa.

Kwa zaidi ya miaka 20, tangu 1760 hadi 1783, du Coudray alisafiri mji hadi mji na mashine yake. Inakadiriwa kwamba wanawake wapatao 5,000 walipita mikononi mwake. Mashine moja ingalipo hadi leo katika makumbusho ya historia ya tiba mjini Rouen, na waliyoipiga picha za eksirei waligundua kuwa ndani ya kitambaa mna mifupa halisi ya nyonga ya binadamu. Hata mwanamke wa kitambaa, kwa hivyo, ndani yake alikuwa na mwanamke halisi, asiye na jina.

Nilipokuwa mdogo nilimwona bibi yangu akishona kofia ya viua barazani, kitundu baada ya kitundu, miezi kwa miezi. Mjukuu aliyetaka kujifunza alipewa kwanza kipande cha kitambaa kibovu. Haikuwa jambo la hekima kubwa. Ilikuwa kawaida ya nyumba, kwamba kitambaa cha kofia ni ghali na mkono mchanga haukiwezi. Ajabu ni kwamba kawaida hiyo, ambayo kila bibi mwenye sindano aliijua, tiba iliisahau mara nyingi pale ambapo kilichoshonwa kilikuwa mwili wa mtu asiye na nguvu ya kukataa.

Kusahau huko kuna majina. Kati ya mwaka 1845 na 1849, mjini Montgomery, Alabama, daktari J. Marion Sims alitafuta njia ya kuiziba fistula, yaani tundu linalobaki kati ya kibofu na njia ya uzazi baada ya uchungu wa siku nyingi, mkojo ukawa hautulii. Aliowafanyia majaribio walikuwa wanawake waliotiwa utumwani. Watatu tunawajua kwa majina, kwa sababu yeye mwenyewe aliyaandika: Anarcha, Betsey na Lucy. Anarcha peke yake alipasuliwa mara 30. Dawa ya usingizi ya etha ilionyeshwa hadharani mjini Boston mwaka 1846, lakini wanawake hawa walishonwa wakiwa macho. Hatimaye, mwaka 1849, Sims alifaulu kwa uzi wa fedha, akapata umaarufu, akahamia New York, na baada ya kufa kwake akajengewa sanamu.

Katika kisa hicho kuna jambo ambalo kwa muda mrefu halikuzingatiwa. Madaktari waliokuwa wakimsaidia Sims walichoka na kumwacha. Hapo Anarcha, Betsey, Lucy na wenzao ndio waliofundishwa kusaidia: mmoja akilala mezani, wengine wakamshika, wakapitisha vyombo, wakafuta damu, na baadaye wakauguza mshono. Kwa miaka hiyo walikuwa, kwa maana yoyote ya haki, wanafunzi na wasaidizi wa upasuaji. Walijua kwa macho na kwa miili yao ni mshono upi unashika na upi unaoza. Hakuna aliyewapa cheti. Sanamu ya Sims iliondolewa katika bustani ya Central Park mwaka 2018, na mwaka 2021 mjini Montgomery zikasimamishwa sanamu za wanawake hao watatu.

Sisi watu wa pwani hatuna ruhusa ya kukisoma kisa hiki kana kwamba ni cha wengine. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873 tu, zaidi ya miaka 20 baada ya mafanikio ya Sims. Katika majumba ya mawe ambayo leo wageni hupiga picha milango yake, walikuwamo wanawake waliozaa bila kuulizwa na kuuguzwa bila kuulizwa. Tofauti ni kwamba hapakuwa na daktari aliyeandika majina yao.

Miaka michache baadaye, bara, kiliandikwa kisa cha namna nyingine. Mwaka 1879 msafiri na mwanafunzi wa udaktari Robert Felkin alikuwa Kahura, katika Bunyoro, ambayo leo ni sehemu ya Uganda. Alishuhudia mwanamke wa umri wa miaka 20 hivi, mwenye mimba ya kwanza, akipasuliwa tumbo ili mtoto atolewe. Maelezo yake aliyatoa Edinburgh mwaka 1884, na yaliwashangaza wasikilizaji wake. Mama alinyweshwa pombe ya ndizi hadi akalegea. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe hiyohiyo na kulisafisha tumbo. Alipasua kwa mkato wa haraka, msaidizi akazuia damu kwa chuma cha moto, mtoto akatolewa, mji wa mimba ukakandwa hadi ukanywea. Kisha kingo za jeraha zikakutanishwa kwa misumari 7 myembamba ya chuma, iliyosuguliwa ikang'aa, na kufungwa kwa nyuzi za mbugu. Juu yake wakabandika mizizi iliyotafunwa, jani la mgomba, na nguo ya mbugu iliyokazwa. Misumari iliondolewa kidogo kidogo, na siku ya 11 jeraha lilikuwa limepona. Mama na mtoto walikuwa hai.

Wasomaji wa Ulaya walikisoma kisa hiki kama muujiza. Mimi hukisoma kama ushahidi wa chuo. Mtu hapasui namna ile kwa mara ya kwanza. Misumari haikusuguliwa siku ile. Kulikuwa na wahunzi walioijua kazi yake. Wasaidizi walijua pa kusimama, na mpangilio wa kuondoa misumari ulikuwa umekwisha kupimwa na uzoefu. Nyuma ya mikono ile palikuwa na walimu, na nyuma ya walimu palikuwa na wanawake wa kabla ya huyu, ambao pengine hawakupona. Felkin hakutuachia jina la mpasuaji wala la mama. Kwa hivyo tunajua idadi ya misumari, na hatujui aliyeipigilia alijifunzia kwa nani.

Mafunzo ya ukunga kwa namna ya shule yalifika Uganda hiyohiyo baadaye. Daktari Albert Cook aliwasili mwaka 1897 na kuanzisha hospitali ya Mengo, na muuguzi Katharine Timpson, aliyekuja kuwa mkewe mwaka 1900, ndiye aliyesimama mbele katika kufundisha wasichana wa Kiafrika ukunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 walikuwa na shule ya wakunga iliyopewa jina la Lady Coryndon, mke wa gavana, na kitabu cha ukunga kilichoandikwa kwa Kiganda. Nia ya kanisa na serikali ilichanganyika na mengi, ikiwamo dharau kwa wakunga wa jadi, ambao ujuzi wao ulihesabiwa kuwa ushirikina bila kuchujwa. Hata hivyo, wasichana wale walipohitimu walitumwa kwenye zahanati za mbali ambako daktari alikuwa mwendo wa siku kadhaa. Huko, mama alipochanika, hakuna kanuni iliyoweza kumshona. Alimshona aliyekuwapo.

Kanuni zenyewe zilikuwa zikiandikwa London. Sheria ya Wakunga ya mwaka 1902 iliunda Bodi Kuu ya Wakunga kwa ajili ya Uingereza na Wales, ikamtenga mkunga mwenye cheti na asiye nacho. Ilikuwa hatua kubwa kwa hadhi ya kazi, lakini ilichora pia mpaka. Uzazi wa kawaida ulikuwa wa mkunga. Sindano ilikuwa ya daktari. Mama alipochanika vibaya, mkunga alitakiwa amwite daktari, hata kama ni usiku na mvua, hata kama daktari mwenyewe ni kijana aliyewahi kuona misamba michache kuliko vidole vya mkono wake.

Mwaka 1967 Bodi iliwaruhusu wakunga kuukata msamba inapobidi. Kuushona walichokikata hawakuruhusiwa. Mwaka 1970 ikatoka kauli mpya: wakunga wanaofanya kazi katika maeneo ya mbali ng'ambo wangeweza kuruhusiwa na daktari kushona, mradi wamefundishwa na wameonekana kumudu, na dhamana ikibaki kwa daktari. Ndani ya Uingereza kwenyewe, kushona msamba hakukuingia katika mtaala wa wakunga hadi mwaka 1983.

Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza, katika maktaba ya chuo nilikofunzwa ualimu, niliirudia mara tatu. Maeneo ya mbali ng'ambo ni kwetu. Kuna njia mbili za kuielewa ruhusa ile, na zote mbili zina ukweli. Njia ya kwanza ni ya haki: kule daktari hayupo, na mama hawezi kungoja, mkunga ashone. Njia ya pili inauma zaidi: jambo lililohesabiwa kuwa zito mno kwa mkono wa mkunga juu ya mwili wa mwanamke wa Uingereza, lilikubalika kwa miaka 13 juu ya miili ya wanawake wa ng'ambo. Mkono uliozoea huko ndio uliothibitisha hapa kwamba unaweza. Sista wangu wa zamu, aliyenikabidhi koleo bila maelezo, alikuwa amerithi ruhusa hiyo pamoja na upungufu wake. Alifundishwa kwa kuamriwa, akanifundisha kwa kuniamuru. Nilipokuwa kijana nilimlaumu. Sasa namfikiria akiwa peke yake katika wodi yenye wazazi wengi kuliko vitanda, na lawama yangu imepungua, ingawa haijaisha.

Katika historia hii kuna mtu mmoja ambaye humtaja kwa wanafunzi wangu siku ya kwanza. Mwaka 1962 msichana wa Ethiopia, Mamitu Gashe, aliletwa hospitalini Addis Ababa akiwa na majeraha makubwa ya uchungu wa siku nne. Mtoto alikuwa amekufa. Madaktari Catherine na Reginald Hamlin, waliokuwa wamefika nchini humo mwaka 1959, walimshona mara kadhaa. Mamitu hakujua kusoma. Alibaki hospitalini akitandika vitanda, kisha akawa anapitisha vyombo, kisha akashikwa mkono na kuongozwa mshono kwa mshono, mpaka akawa fundi wa kuziba fistula ambaye madaktari wenye shahada walikuja kujifunza kwake. Mwaka 1989 alipokea, pamoja na wenzake wa hospitali hiyo, medali ya dhahabu ya chuo cha wapasuaji cha Uingereza. Njia yake inafanana na ya Anarcha kwa mwanzo wake, mgonjwa aliyekuwa msaidizi, na inatofautiana nayo kwa mambo mawili: kwake kulikuwa na dawa ya ganzi, na kulikuwa na ridhaa. Mambo hayo mawili ndiyo yanayotenganisha mafunzo na mateso.

Hata ufundi wenyewe ulibadilika pale ambapo wanawake walianza kuulizwa. Kwa miaka mingi msamba ulishonwa kwa mafundo ya mojamoja, kila moja limekazwa, kama nilivyofanya usiku ule. Mkunga wa Kiingereza, Christine Kettle, aliyekuja kuwa profesa, aliongoza utafiti uliochapishwa mwaka 2002 na kuwahusisha wanawake 1,542. Baadhi walishonwa kwa mafundo ya mojamoja, wengine kwa uzi mmoja unaopita tangu juu ya ufa hadi chini ya ngozi bila kukazwa. Siku ya 10 wanawake waliulizwa kama wana maumivu. Katika kundi la mafundo, wapatao 44 katika kila 100 walisema ndiyo. Katika kundi la uzi mmoja, wapatao 27. Sababu haifichiki kwa aliyeshika mwili: msamba huvimba baada ya uzazi, na fundo lililokazwa leo kesho hukata nyama. Uzi mmoja uliolegea hugawanya mvuto na kuuachia mwili nafasi. Nilipousoma utafiti huo nilielewa mtazamo wa yule mama wa kwanza kuliko nilivyopenda kuuelewa.

Sasa niseme tunavyofundisha. Mwanafunzi huanza na sifongo la godoro lenye mkato, ajifunze kushika koleo badala ya kushika sindano kwa vidole, na kuzungusha kifundo cha mkono ili sindano ifuate mpindo wake. Wale waliokulia nyumba zenye ushonaji hupata tabu hapa mwanzoni, maana vidole vyao vinaitaka sindano moja kwa moja. Baadaye huwapita wenzao. Kisha huja matabaka ya kitambaa na povu yaliyopangwa mfano wa ngozi, misuli na ukuta wa ndani. Kisha nyama. Madarasa mengi hutumia nyama ya nguruwe, na nimeona wanafunzi Waislamu wakisimama nyuma ya meza, mikono mfukoni, wakitazama wenzao wakijifunza. Mimi hununua ulimi wa ng'ombe katika duka la nyama halali karibu na nyumbani kwangu. Ulimi una misuli migumu na ngozi inayoteleza, na humfundisha mwanafunzi jambo ambalo sifongo haliwezi: nyama hukasirika ukiivuta.

Humfundisha pia taratibu zisizo na sifa. Kuhesabu vitambaa na sindano kabla na baada. Kungoja ganzi ishike, kisha kuijaribu, kisha kumwamini mama akisema bado. Kuanza mshono juu kidogo ya pale ufa unapoanzia, kwa sababu mshipa uliojificha hapo huweza kuvuja damu kimyakimya. Kupima kwa kidole njia ya haja kubwa kabla na baada, kwa ruhusa yake, ili msuli uliokatika usifichwe chini ya ngozi nzuri. Asiyejiamini aite mwenzake. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kuinama kwa mkunga ni pamoja na kukiri kwamba hili limenishinda.

Na bado kitambaa hakisemi. Du Coudray aliweza kuingiza mifupa ndani ya mashine yake, lakini hakuweza kuingiza sauti. Katika miaka ya karibuni kampuni ya Kinorwe, Laerdal, ilitengeneza kifaa kiitwacho MamaNatalie, ambacho mtu hai hukivaa tumboni na kuigiza mzazi: hutoa mtoto, kondo na damu ya bandia, na aliyekivaa hulalamika, huuliza, hukataa. Kifaa hiki kimetumika sana Tanzania, na hospitali ya Haydom, katika Mkoa wa Manyara, imekuwa mojawapo ya mahali palipojulikana kwa mazoezi ya namna hii ya kila mara, mafupi mafupi, wodini penyewe. Hakikuundwa kwa ajili ya kushona. Lakini nimekopa wazo lake: mwanafunzi mmoja hushona ulimi ulio mezani, na mwingine huketi nyuma yake na kuwa mama. "Unafanya nini sasa?" "Mbona naumia?" "Umewahi kufanya kazi hii?" Swali la mwisho ndilo linalowatoa jasho.

Nawataka walijibu kwa ukweli. "Hapana, mama. Wewe ni wa kwanza. Nimefanya mazoezi mengi, na mwalimu wangu yupo hapa pembeni yangu, mkono wake karibu na wangu. Ukisema niache, nitaacha, atamalizia yeye." Wapo walimu wenzangu wanaodhani maneno haya yatawatia wazazi hofu na kuwanyima wanafunzi nafasi. Uzoefu wangu si huo. Wazazi wengi hukubali, na wengine humtia moyo mwanafunzi. Wachache hukataa, na kukataa kwao ni haki ambayo Anarcha hakuipata.

Mwaka jana mwanafunzi wangu mmoja, binti wa familia ya Kizanzibari aliyezaliwa hapahapa, alishona kwa mara ya kwanza. Nilisimama pembeni. Mzazi alikuwa mwanamke wa makamo, mtoto wake wa tatu kifuani. Mwanafunzi alimweleza, akangoja jibu, akapima ganzi mara mbili. Katikati ya kazi mzazi akasema, "Hapo naumia." Mkono ukasimama. Haukusubiri amri yangu. Akaongeza dawa, akangoja, wakazungumza habari za jina la mtoto, akaendelea. Ilichukua karibu saa nzima, muda ambao sista wangu wa zamani asingekuwa nao.

Yule mama wa usiku wa kwanza, kama yu hai, sasa ana wajukuu. Jina lake lilikuwa katika daftari la wodi, nami sikulisoma. Kila ninapofundisha namna ya kuuacha uzi ulegee, ninafundisha kitu alichonilipia yeye.